Msuko wa Mafungu Matatu: Jinsi ya Kusuka kwa Sindano za Kufumia

Kama umewahi kusuka nywele kwa mafungu matatu, sehemu ngumu ya somo hili tayari unaijua. Fungu la kulia linapita juu ya la kati, kisha la kushoto linapita juu ya la kati, na mwendo huo unarudiwa hadi mwisho. Msuko unaopamba kifua cha sweta au paji la kofia ya mtoto unafuata kanuni hiyohiyo. Hapa unashika vitanzi mahali pa nywele, na kijiti kifupi kinakusaidia pale ambapo msusi angetumia kidole.

Mwongozo huu ni wa mfumaji wa Mkolani, Mwanza, na wa jirani zake wa Nyegezi na Buhongwa, anayeweza tayari kuanzisha vitanzi, kufuma mbele na nyuma, na kufunga kazi. Wengi wetu tukifika hapo tunatua. Tunaziona sweta zenye misuko kwenye mitumba, tunadhani ni kazi ya mashine, au ya mtu mwenye karatasi ya maelekezo ya Kizungu iliyojaa vifupisho. Karatasi hiyo huihitaji. Ukishaelewa ni fungu lipi linapita juu, na linapita lini, utaitazama kazi iliyo mkononi na kujua hatua inayofuata.

Vifaa

Andaa sindano mbili za kufumia zenye unene wa milimita 4, uzi wa unene wa kati, kroshia, mkasi, na vipande vifupi vya uzi wa rangi nyingine vya kuwekea alama. Kifaa kipya ni kimoja tu: kijiti cha kupishia. Kazi yake ni kushikilia vitanzi vichache pembeni wakati wenzao wanapita.

Kijiti hiki tengeneza mwenyewe. Spoku ya kawaida ya baiskeli ina unene wa milimita 2, na mafundi baiskeli huwa na zilizokatika. Mwambie mmoja wao: "Habari za kazi, fundi. Naomba spoku iliyokatika, unikatie kipande cha sentimita kumi na kunisugulia ncha zote mbili." Ukifika nyumbani pitisha msasa laini mpaka ncha zisikwaruze uzi, kisha kipinde kidogo katikati ili vitanzi visiteleze. Kijiti cha mshikaki kilichopigwa msasa vizuri nacho kinafaa.

Kuchagua uzi

Kwa somo la kwanza chagua uzi laini, uliosokotwa vizuri, usio na manyoya, wa rangi ya kupauka. Kivuli ndicho kinachoonyesha msuko: fungu la juu linatupa kivuli juu ya la chini. Kwenye uzi mweusi kivuli hicho hakionekani, na kwenye uzi wenye manyoya kinafunikwa.

Sufu na akriliki vina mnyumbuko, kwa hiyo vitanzi vinavutika wakati wa kupishana kisha vinarudi mahali pake. Pamba haivutiki hivyo. Sisi tuko katikati ya nchi ya pamba: kituo cha utafiti cha Ukiriguru, kilichotoa mbegu kama UK91 na UKM08, kiko Misungwi, kusini mwa Mkolani. Hata hivyo sehemu kubwa ya pamba yetu huuzwa nje kabla ya kusokotwa, na mfumaji hununua uzi dukani kama mtu mwingine yeyote. Ukipata uzi wa pamba utumie, maana unafaa sana kwa joto la Mwanza, lakini anza na mafungu ya vitanzi 2 kila moja badala ya 3, ili mikono isichoke kuvuta.

Uzi mzuri unapatikana pia kwenye mitumba ya Mlango Mmoja, ukijua kuchagua sweta la kufumua. Geuza sweta ndani nje, kisha tazama mshono wa ubavuni. Ukikuta kitambaa kimekatwa kwa mkasi na kufungwa kwa ovaloki, liache, kwa sababu kila mstari utatoka kama kipande kifupi. Ukikuta kingo nzima zilizounganishwa kwa uzi mmoja unaofunguka, hilo linafumuka kwa uzi mrefu. Liache pia sweta la sufu lililogandamana kwa kufuliwa na maji ya moto, maana vitanzi vyake vimeshikana na havitoki.

Sweta nyingi zilianzwa chini, hivyo hufumuka kuanzia shingoni. Zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, funga mafundo mepesi sehemu nne, loweka kwenye maji ya uvuguvugu, kisha tundika kivulini. Mikunjo itanyooka yenyewe. Kama sweta lenyewe lina msuko, lichunguze kwanza kabla ya kulifumua. Fuata fungu moja kwa kidole toka chini hadi juu, uone linapozama na linapoibuka.

Vitanzi viwili tunavyohitaji

Katika maelekezo haya kitanzi cha uso ni kile kinachoacha alama ya V upande unaoutazama. Uzi unakaa nyuma ya kazi, na ncha ya sindano inaingia kwenye kitanzi kutoka mbele kwenda nyuma. Kitanzi cha nundu kinaacha kinundu upande unaoutazama. Uzi unakaa mbele, na ncha inaingia kutoka nyuma kuja mbele. Kitanzi cha uso ukikigeuza ni nundu, na nundu ukiigeuza ni uso.

Msuko unafumwa kwa vitanzi vya uso, na uwanja unaouzunguka unafumwa kwa nundu. Nundu zinarudi nyuma, uso unasogea mbele, na msuko unainuka. Ukizungushia msuko uwanja wa vitanzi vya uso, utapotea humo.

Mistari minane

Anzisha vitanzi 21. Fuma mistari 4 ya mwanzo yote kwa vitanzi vya uso, ili ukingo usijikunje. Kisha endelea hivi. Mistari ya namba witiri ni ya upande wa mbele wa kazi.

Mstari wa 1: uso 3, nundu 3, uso 9, nundu 3, uso 3.

Mstari wa 2: uso 6, nundu 9, uso 6.

Mstari wa 3: uso 3, nundu 3. Sasa hamishia vitanzi 3 vinavyofuata kwenye kijiti bila kuvifuma, na kijiti ukiache mbele ya kazi. Fuma uso 3 kutoka sindano ya kushoto. Fuma uso vile 3 vilivyo kwenye kijiti. Fuma uso 3 vilivyobaki vya msuko. Malizia nundu 3, uso 3.

Mstari wa 4: kama wa 2.

Mstari wa 5: kama wa 1.

Mstari wa 6: kama wa 2.

Mstari wa 7: uso 3, nundu 3, uso 3. Hamishia vitanzi 3 kwenye kijiti, na safari hii kijiti kiache nyuma ya kazi. Fuma uso 3 kutoka sindano ya kushoto. Fuma uso vile 3 vya kwenye kijiti. Malizia nundu 3, uso 3.

Mstari wa 8: kama wa 2.

Rudia mistari hii minane mara tatu kabla ya kuamua lolote kuhusu kazi yako. Mzunguko wa kwanza hauonyeshi kitu. Msuko unaanza kujitokeza ukiwa katikati ya mzunguko wa pili.

Mambo matatu yatakusaidia wakati wa kupishanisha. Kwanza, vitanzi vikihamia kwenye kijiti visipinduke, vikae kama vilivyokaa kwenye sindano. Pili, kaza uzi kidogo unapofuma kitanzi cha kwanza baada ya kupishana, maana hapo ndipo tundu hutokea. Tatu, kama vitanzi vinagoma kuvutika, legeza mkono kwenye mstari wa nyuma unaotangulia mpishano. Ukivivuta kwa nguvu mstari wenyewe ukifika, uzi utakatika.

Sasa weka karatasi kando

Tazama kilichotokea. Katika mstari wa 3, vitanzi vya kijiti vilikuwa fungu la kulia, navyo vilikaa mbele, kwa hiyo fungu la kulia likapita juu ya la kati. Katika mstari wa 7, kijiti kilishika fungu la kati na kukaa nyuma, kwa hiyo fungu la kushoto likapita juu yake. Mistari yote minane inaingia katika sentensi mbili. Kila ukipishanisha mstari mmoja wa mbele, mstari wa mbele unaofuata unapumzika. Na kama mara ya mwisho fungu la kulia ndilo lililopita juu, sasa ni zamu ya la kushoto.

Zamu ya nani, kazi yenyewe inakuonyesha: tazama fungu lililo juu kabisa chini ya sindano limetokea upande gani. Ili kujua kama mstari huu ni wa kupishanisha au wa kupumzika, funga kipande cha uzi wa rangi pembeni kila unapopishanisha, basi hata ukiitwa jikoni ukarudi baada ya saa nzima hutapotea.

Wafumaji waliozifanya sweta za misuko zijulikane duniani walijifunza hivyo, kwa kutazama. Kwenye visiwa vya Aran, magharibi mwa Ayalandi, wanawake wa familia za wavuvi na wakulima walianza kuzifuma mwanzoni mwa karne ya 20, kabla maelekezo yake hayajachapishwa vitabuni. Mmoja aliona msuko kwenye kazi ya mwenzake, akaufuata kwa macho, akaongeza wake. Husimuliwa kwamba kila ukoo ulikuwa na msuko wake ili mvuvi aliyezama atambulike kwa sweta. Hadithi hiyo haina ushahidi. Ushahidi uliopo ni wa ustadi: sweta zenyewe, zenye misuko mitatu au minne tofauti kwenye kifua kimoja.

Mishale ielekee wapi?

Nywele zinasukwa kutoka juu kwenda chini, hivyo mishale ya msuko, yaani zile V zinazoundwa na mafungu yanayopishana, inaelekea chini. Sweta linafumwa kutoka chini kwenda juu, na kwa maelekezo ya hapo juu mishale itaelekea juu. Wengine wanapenda hivyo. Ukitaka msuko ushuke kama wa nywele, badilisha nafasi ya kijiti: mstari wa 3 kikae nyuma, mstari wa 7 kikae mbele. Hapo fungu la kati ndilo linalopita juu ya la pembeni, na mishale inageuka. Chagua mtindo mmoja, uushike mpaka mwisho wa kazi.

Makosa na dawa zake

Fungu moja linapita juu ya wenzake wote wawili bila kuzama: kijiti kilikaa upande uleule mara mbili mfululizo.

Mafungu mawili yanazungukana kama kamba na la tatu limebaki peke yake: umepishanisha upande mmoja mara mbili, ukasahau upande wa pili.

Mishale mingine mirefu, mingine mifupi: umeruka mstari wa kupumzika au umeongeza mmoja.

Msuko umetokea mgongoni mwa kazi: umepishanisha kwenye mstari wa nyuma.

Kosa ukiligundua kabla ya mpishano unaofuata, usifumue kazi yote. Fuma mpaka kwenye msuko, toa vitanzi 6 tu vilivyohusika kwenye sindano, uvifumue mpaka kwenye mstari wenye kosa. Zitabaki nyuzi zilizolala kama vipandio vya ngazi, kila mstari na wake. Vipange upya vile vitanzi 6 kwa mpangilio sahihi, kisha upandishe kimoja kimoja kwa kroshia, ukivuta kipandio baada ya kipandio. Kama mpishano mwingine umeshapita juu yake, teremsha vitanzi vyote 9. Fanya kosa la makusudi kwenye kipande chako cha mazoezi na ulirekebishe, ili siku likitokea kwenye sweta la mteja usitetemeke.

Kazi ya kwanza: utepe wa kichwa

Vitanzi vyako 21 vinatosha kutengeneza utepe wa kufunika masikio, wa kuvaliwa asubuhi za Juni hadi Agosti, mtoto anapowahi shule na upepo wa ziwa haujatulia. Pima mzunguko wa kichwa, ambao kwa mtoto wa miaka mitano huwa karibu sentimita 50. Punguza sentimita 3, kwa sababu kazi ya mkono inavutika. Fuma mpaka ufikie urefu huo, ukomee mwisho wa mstari wa 8, kisha funga na kuunganisha ncha mbili kwa sindano ya kushonea.

Kabla ya kuhamia kwenye sweta, jua kwamba msuko unabana kitambaa. Vitanzi vilivyopandana vinachukua nafasi ndogo kuliko vilivyokaa sambamba. Fuma vipande viwili vya vitanzi 21 na mistari ileile, kimoja chenye msuko na kingine kisicho nao, uvipime kwa rula. Tofauti ya upana ndiyo utakayoifidia kwa kuongeza vitanzi kila mahali unapoweka msuko. Asiyepima hivi huishia na sweta linalombana mtoto kifuani. Vipime pia uzito kwenye mzani wa duka. Kipande chenye msuko kinakula uzi zaidi kwa upana uleule, na hilo litakuhusu kwenye bei.

Hatua ya pili: msuko wa ukingo

Upo msuko mwingine, unaolala kuzunguka ukingo wa kofia au kifundo cha glovu, wenye rangi mbili. Unajulikana sana Latvia na Estonia, ambako glovu za kufumwa kwa mkono ni heshima ya taifa. Mkutano wa NATO ulipofanyika Riga mwaka 2006, Latvia iliwapa wageni glovu zilizofumwa kwa mikono, zaidi ya jozi 4,000.

Msuko huu ni rahisi ukifuma kwa mzunguko kwa sindano nne au tano fupi, huku upande wa mbele ukikutazama muda wote. Hakikisha idadi ya vitanzi inagawanyika kwa mbili. Mzunguko wa kwanza, fuma uso ukibadilisha rangi: kimoja cheupe, kimoja chekundu. Mzunguko wa pili, leta nyuzi zote mbili mbele, ufume nundu kwa kufuata rangi zilezile, na kila uzi unaouchukua upite juu ya ule ulioutumia sasa hivi. Nyuzi zitajisokota na utatamani kuacha. Endelea. Mzunguko wa tatu, fuma nundu tena kwa rangi zilezile, lakini kila uzi unaouchukua upite chini ya uliotangulia. Nyuzi zitajifungua zenyewe, na mistari miwili iliyolala pande tofauti itakutana kuwa mnyororo wa V. Hapa pia swali ni lilelile: nani apite juu?

Kufua na kunyoosha

Fua kwa maji ya uvuguvugu, kamua kwa kukandamiza ndani ya taulo, kisha laza kivulini. Ukining'iniza kazi yenye msuko ikiwa imelowa, uzito wa maji unaivuta na mafungu yanalegea. Pasi usiigusishe kwenye akriliki, maana joto linaulaza msuko moja kwa moja na hauinuki tena. Sufu na pamba ziwekee kitambaa chenye unyevu, mvuke upite bila kukandamiza.

Kuuza bila kujidhulumu

Kofia yenye msuko isiuzwe bei ya kofia tupu. Andika gharama ya uzi kwa uzito uliopima, andika saa ulizofuma, na ujiwekee ujira wa saa unaoweza kuutetea mbele ya mteja. Akikuambia kuna sweta la bei rahisi kwenye mitumba, mwonyeshe upande wa nyuma wa kazi yako: mafundo yamefichwa, hakuna tundu kwenye mpishano, mishale yote ni sawa. Kisha mweleze kwamba ukipewa kipimo cha mtoto wake na rangi anayoitaka, utamfumia la kwake. Hilo mtumba hauwezi.

Na ukishaumudu, mfundishe mtu. Mpe vitanzi 21 na kijiti, umwonyeshe mstari wa 3 na wa 7, halafu umwache ajieleze mwenyewe fungu lipi linafuata. Jirani yako akijua, mkipata oda ya sweta za darasa zima mtaigawana, na kazi itakamilika kwa wakati.